Simu Chini ya Mto wa Bi Hosiyat

Mto wa Bi Hosiyat ulianza kunuka manyoya yaliyoungua mwanzoni mwa kiangazi. Mkamwana wake, Oydin, akaufua, akaujaza pamba mpya, akauanika kutwa nzima juu ya ukuta wa ua na kuurudisha chumbani ukinukia sabuni. Kesho yake adhuhuri ukanuka tena.

"Umeunguza nini, we mtoto?" Bi Hosiyat aliuliza.

"Sijaunguza kitu, mama. Labda ni tanuru la jirani."

Oydin alijibu akiwa ameinamisha uso, maana alijua kilichokuwa chini ya mto ule, kati ya magodoro mawili ya pamba.

Katika nyumba hiyo, mjini Rishton, walikaa wao wawili tu. Elmurod, mume wa Oydin na mwana pekee wa Bi Hosiyat, alikuwa Urusi akijenga maghorofa, kama wanaume wengi wa mtaa wao. Alipiga simu, lakini mama yake hakuigusa. Binamu wa mama huyo, muuza simu sokoni, alikuwa amekufa kwa uvimbe kichwani, na tangu mazishi yale Bi Hosiyat hakutaka kusikia lingine: mionzi ya simu inapika ubongo. Oydin akitaka kuongea na mumewe alifukuzwa uani, chini ya mti wa mforosadi, iwe mvua, iwe theluji.

"Kaa nayo huko huko! Ubongo wako ukiiva usiseme sikukwambia."

"Mama, dunia nzima wanatumia."

"Na dunia nzima ina akili? Hebu itazame!"

Siku moja, mbele ya wageni waliokuja kunywa chai, Bi Hosiyat alimpokonya Oydin simu, akaitumbukiza katika sufuria ya chuma na kuifunika. Wanawake wakacheka mpaka wakafuta machozi. Oydin naye alicheka, lakini moyoni aliumia. Jioni ile alichukua simu yake ya zamani, ile ndogo ya kubonyeza, akaizima mlio, akaichomeka chini ya mahali mkwewe alipolaza kichwa. Alikusudia kiangazi kikiisha awaambie wanawake wale wale: mama amelalia simu majira mazima, mbona ubongo haujaiva? Aliichomeka huku akicheka peke yake, wala hakutaja jina la Mungu.

Sasa Bi Hosiyat aliumwa kichwa. Sikio lake la kulia likawa jekundu na la moto, kama la mtu aliyeegemea tanuru. Kila adhuhuri aliingia kulala, na kila alipoamka alikuwa amekonda zaidi, macho yaking'aa.

Oydin alimpeleka zahanati. Daktari Muazzam alimpima mgonjwa, akatoa dawa ya shinikizo la damu. Bi Hosiyat alipotangulia nje, Oydin akabaki mlangoni.

"Daktari, eti mionzi ya simu... mtu akilala karibu nayo, inaweza kumdhuru?"

"Mionzi yake ni dhaifu, haina nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Watu wamechunguza miaka mingi, na mpaka leo hakuna ushahidi thabiti kwamba inaleta uvimbe. Bado wanaendelea kuchunguza. Mwenye hofu aiweke mbali na kichwa, basi." Daktari akamtazama. "Nani analala nayo?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Aibu ilimshika mpaka shingoni. Njia nzima alimshika mkwewe mkono, na ule mkono mkavu ulimwelemea kuliko mzigo. Alitaka kuitoa simu siku ile ile, lakini Bi Hosiyat hakubanduka tena chumbani, na Oydin hakupata ujasiri wa kusema.

Kisha Elmurod akapiga simu, mchana, Oydin akiwa chini ya mforosadi.

"Mke wangu, umemfanya nini mama? Siku hizi ananipigia mwenyewe! Kila adhuhuri, kwa ile simu yako ya zamani. Tunaongea mpaka mapumziko yanaisha."

"Mama anakupigia?"

"Ananibembeleza kama nilipokuwa mdogo. Nimemweleza mengi, Oydin. Mambo ambayo..." Akasita. "Haidhuru. Mpe salamu."

Oydin aligeukia dirisha la chumba lililokuwa wazi, na kutoka ndani, wakati Elmurod bado anapumua sikioni mwake na mashine ya kukoroga saruji ikinguruma nyuma yake huko Urusi, alisikia sauti ya Elmurod yule yule ikisema polepole, kwa upole ambao mumewe hakuwahi kuwa nao, mama, nimefika, niko kizingitini, niambie tu niingie. Na sauti ya Bi Hosiyat ikajibu kwa furaha ya mtoto, ingia mwanangu, nyumba ni yako, ingia. Na harufu ya manyoya yaliyoungua ikamwagika dirishani, nzito kiasi kwamba shomoro wote wa mforosadi waliruka kwa pamoja na ua ukabaki kimya, na katika kimya hicho zulia la barazani likabonyea, hatua baada ya hatua, kana kwamba mtu mzito mwenye miguu mitupu anapita kuelekea chumbani.

Oydin alikimbilia ndani. Bi Hosiyat alikuwa amelala kwa ubavu, sikio limegandamizwa kwenye mto, akitabasamu. Oydin aliingiza mkono chini ya godoro, akaitoa simu. Ilikuwa ya moto. Kioo kilikuwa cheusi. Chaji ilikwisha zamani. Alipofungua kifuniko cha nyuma, badala ya betri akakuta donge la nywele, nyeupe kama za mkwewe, zimeungua ncha.

Alimleta Bi Turdihon, mama wa mtaa wa juu aliyekuwa akiwasomea dua watu waliovamiwa na ajina, kama majini yanavyoitwa kule. Mama huyo alisimama kizingitini, akanusa, akakunja uso.

"Kimeshaingia. Nani aliweka kitu chini ya kichwa cha mama huyu?"

Oydin aliinamisha uso. Bi Turdihon alisoma, akafukiza majani ya isiriki, mmea wa kufukuzia majini, mpaka chumba kikawa cheupe, lakini moshi ulifika kitandani ukarudi nyuma, kama umepulizwa na mdomo. Akasimamisha kisomo.

"Kinacheka. Kinasema humu ndani mna mtu anakifichia siri."

Oydin akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Ni mimi," alinong'ona. "Mama, ni mimi niliyeweka simu. Nilitaka wale wanawake wakucheke kama walivyonicheka. Nilitaka ionekane mionzi si kitu."

Alingoja kofi. Badala yake Bi Hosiyat alijifunika uso kwa mtandio.

"Nilijua," alisema kwa sauti ya chini. "Ilinichoma kisogoni usiku ule ule. Nikasema kesho nitakutolea ukali wa kutosha. Lakini adhuhuri mwanangu Elmurod akaongea humo! Miaka yote sikusikia sauti yake kwa ukaidi wangu. Ningesemaje? Mimi niliyekufukuza kwenye theluji, nalala juu ya simu kama msichana mwenye mchumba?"

Wakalia wote wawili bila kutazamana.

"Mtalia baadaye," Bi Turdihon alisema. "Bi Hosiyat, wewe umekikaribisha, wewe ukikatae. Kiambie si mwanao."

Sauti ikatoka ndani ya mto. "Mama, huku baridi. Usinifukuze."

Bi Hosiyat aliupapasa ule mto kama anayepapasa kichwa cha mtoto, na Oydin akaona kwamba anajua vizuri kabisa si mwanawe, na kwamba bado anataka kuisikia.

"Wewe si mwanangu," akasema hatimaye. "Toka."

Kitu kilipita kati yao, cha moto, chenye manyoya. Zulia likabonyea mpaka mlangoni, na huko nje lango la mbao likajipiga kwa nguvu. Harufu ikaisha.

"Basi ni mionzi iliyomuumiza, au ni hicho?" Oydin alimuuliza Bi Turdihon langoni.

"Ya mionzi muulize daktari. Mimi najua hiki tu, na hiki kiliingia kwa dharau yako na upweke wake."

Juma lile lile simu ya Oydin ililia wakiwa wanakunywa chai. Bi Hosiyat alinyoosha mkono. "Nipe. Niiweke mbali kidogo na sikio, na sauti iwe kubwa."

"Mama!" Elmurod alipaza sauti. "Mbona umeacha kunipigia? Umeshamwambia Oydin? Uliahidi utamwambia polepole, habari za Vera na mtoto wetu huku. Tangu uliponisamehe nalala usingizi, wallahi."

Kikombe cha Oydin kilibaki hewani. Bi Hosiyat alimtazama, na safari hii hakujifunika uso. Aliusogeza mdomo karibu na simu.

"Elmurod," alisema. "Aliyekusamehe si mimi."