Chakula cha Bhuro Kisicho na Nyama

Kila asubuhi Nirmala alipika chapati, na kila asubuhi Bhuro alikaa mlangoni akisubiri ya kwake. Chapati ya mwisho ilikuwa ya mbwa. Ilipakwa samli, ikalowekwa kwenye maziwa, na Bhuro aliimaliza kabla hujahesabu tatu. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka saba.

Siku hiyo, kama jana yake, Bhuro aliinusa chapati, akageuza kichwa, akalala.

"Mama, Bhuro hajala tena," Nirmala alimwambia mama mkwe wake, Kanchanben.

"Amefunga," alijibu Kanchanben. "Sisi tumefunga, naye kafunga. Mbwa huyu ana dini kumshinda mwanangu Hasmukh."

Ilikuwa siku ya sita ya mfungo mkuu wa siku nane wa Wajaini, watu wa dini ya Kihindi inayokataza kuua kiumbe chochote. Ndani ya nyumba ile haikuwahi kuingia nyama, samaki, yai wala kitunguu, nacho kimekatazwa. Katika siku zile nane hata mboga za majani hazikupikwa. Kanchanben mwenyewe alikunywa maji ya kuchemsha tu. Bhuro alipewa chapati na wali mweupe wenye samli, basi. Majirani walikuja kumtazama. "Mbwa wa Kanchanben anafunga!" walisema, na bibi huyo alifurahi kweli kweli.

Nirmala hakufurahi. Tangu mvua zianze alimwona Bhuro akihema kwenye ngazi tatu za baraza. Manyoya yalimtoka. Usiku alikohoa. Nirmala alinyamaza kwa sababu aliogopa. Aliijua dawa ambayo watu wangemwambia, na aliijua nyumba yake. Neno nyama likitajwa mle ndani, kunawaka moto.

Muuza maziwa akabisha hodi. Bhuro aliinuka ili abweke, kama kawaida yake. Miguu ikamwishia nguvu. Akaanguka pale uani, fizi zake zimekuwa nyeupe.

"Bhuro! Jamani, Bhuro anakufa!" Kanchanben alipiga kelele. Pamoja na mfungo wake, ndiye aliyetangulia kukimbilia bajaji.

Daktari wa mifugo, Falguni, alimsikiliza Bhuro kifuani. Akampima moyo kwa mashine yenye picha. Akatoa damu.

"Huyu anakula nini?" aliuliza.

"Chapati, samli na maziwa," alisema Nirmala. "Na wali."

"Dengu je?"

"Zikibaki. Yale maji maji ya juu."

Daktari alivuta kiti. "Moyo wake umetanuka. Umechoka kusukuma damu."

Kanchanben alishika mkono wa daktari. "Mwanangu, usitaje nyama. Nakuomba, usiitaje."

"Sijaitaja, mama. Nisikilizeni kwanza. Mbwa si paka. Paka kumnyima nyama ni hatari kubwa. Mbwa anaweza kuishi kwa vyakula vya mimea. Lakini kuishi kwa mimea si kuishi kwa chapati."

"Chapati si mmea?" aliuliza Kanchanben.

"Ni mmea mmoja, mama! Mwili wa mbwa unatengeneza kitu kinachoitwa taurini, na moyo unakihitaji. Unakitengeneza kwa protini. Sasa hamjampa matofali, mnataka ajenge nyumba? Ninavyoona, taurini yake iko chini. Damu itatuambia. Tena kuna vitamini ya B12, ambayo mimea haina kabisa. Njia nyepesi ni yai la kuchemsha..."

Kanchanben aliziba masikio kwa upindo wa sari.

"Haya, basi kuna ya pili," alisema daktari. "Hiyo ni ngumu, na haitaki uvivu. Kila siku dengu au choroko, ziive mpaka zipondeke. Soya iliyochemshwa. Wali kidogo, boga, mafuta kijiko. Juu yake unga huu wa madini na vitamini, wenye taurini na B12, kwa kipimo cha uzito wake. Pamoja na dawa ya moyo."

"Unga umetoka kwa mnyama?"

"Nimeuliza, mama. Umetengenezwa kiwandani. Na zabibu kavu marufuku, hata za sadaka ya hekaluni. Ni sumu kwa mbwa. Vitunguu pia."

"Kitunguu? Nyumbani kwetu?" Kanchanben aliruka.

"Hapo mmeshinda," daktari alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Na mbwa hafungi, mama. Mtu anafunga kwa nia. Bhuro nia yake ilikuwa ipi?"

Kanchanben aliinama, akampapasa Bhuro kichwani.

"Baada ya miezi mitatu tutapima tena. Vipimo visipopanda, itabidi tuzungumze upya. Sitawaficha."

Miezi mitatu hiyo, Nirmala hakutulia. Alinunua mizani ndogo ya jikoni. Alipima dengu, alipima soya, alipima unga. Bhuro akikohoa, Nirmala anakimbilia uani. Bhuro akilala sana, anamwekea kiganja kifuani aone kama anapumua. Majirani walimtania: "Mbwa wenu anapikiwa kama bwana harusi!" Alitabasamu, lakini moyoni alikuwa na hofu tupu.

Wiki ya tano alikwenda kwao siku nne. Aliporudi, kopo la unga lilikuwa vile vile alivyoliacha.

"Hasmukh! Hukumpa unga?"

"Si anakula dengu?" alisema mumewe. "Unga wa nini tena?"

"Dengu peke yake hazitoshi! Daktari alisema kila siku. Kila siku, Hasmukh! Akifa utamwambia nini mama yako?"

Hasmukh alikwenda kuchukua kijiko. Nirmala alihesabu siku zile nne kichwani tena na tena, akajiuliza kama zimeharibu yote.

Siku ya majibu ilifika. Daktari Falguni alikuwa na karatasi mkononi. Kabla hajaisoma, Kanchanben alisimama mbele yake.

"Daktari, ngoja. Kama vipimo havijapanda, niambie yai linachemshwa dakika ngapi."

Nirmala alidhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Nitampa nje ya nyumba. Kwa mkono wangu mwenyewe. Dhambi yake nitaibeba mimi. Niliwaacha watu wamsifu mbwa wangu, kumbe nilikuwa namuua."

Nirmala akaanza kulia pale pale.

Daktari aliisoma karatasi. Akairudia. "Hakuna haja ya yai, mama. Taurini imepanda. B12 imepanda. Na nimeutazama moyo wake leo: umeanza kupungua ukubwa. Bado dawa anaendelea nayo, lakini amepata nafuu kubwa."

Kanchanben aliketi sakafuni na sari yake safi, mbele ya watu wote. Akamkumbatia Bhuro shingoni. "Mbwa mbaya wewe! Umenizeesha!"

Bhuro alimlamba uso mzima.

"Sasa unga tunaacha?" aliuliza Kanchanben.

"Hapana! Kila siku ya maisha yake. Na kila miezi sita mnamleta apimwe."

"Umesikia, Nirmala?"

"Nimesikia, Mama."

"Mwambie na mumeo. Siku akiusahau, atalala uani yeye, na Bhuro atalala kitandani."