Kompyuta ya Gwantwa

Barnaba alikuwa seremala mjini Tunduma. Alitengeneza vitanda na milango, karibu na barabara ya malori. Mkewe, Tulinagwe, aliuza unga wa mahindi sokoni. Walikuwa na mtoto mmoja, Gwantwa, wa miaka minne.

Jirani yao alikuwa Othmani, mwenye malori mawili ya kwenda Zambia. Mke wa Othmani aliitwa Siti. Binti yao, Ikram, alikuwa na miaka minne pia. Nyumba hizi mbili zilitenganishwa na uzio wa mabanzi. Watoto walipita kwenye pengo la uzio. Sauti zote zilipita pia.

Watoto wale walipenda kucheza kubadilisha fedha, kama walivyoona watu wazima wakifanya mpakani. Visoda vilikuwa kwacha. Vijiwe vilikuwa shilingi. Na kila mmoja alikuwa na tabia moja: akipata sarafu ya kweli, huiweka shavuni isimpotee njiani kwenda dukani.

Barnaba alimwonea Othmani wivu. Tusizunguke. Alionea wivu malori na bati jipya. Hata kikohozi cha Othmani cha asubuhi alikiona kina majivuno. Kisha, mwaka 2011, Othmani alimletea Ikram kibao cha kuchezea chenye picha za wanyama. Ukibonyeza picha ya ng'ombe, kinalia kama ng'ombe. Ukibonyeza mbwa, kinabweka. Ikram alikuwa akitaja jina la kila mnyama, na Siti alimsikiliza.

Barnaba alisikia ng'ombe yule siku nne. Siku ya tano aliacha randa mezani, akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia.

Muuza duka alimuuliza mtoto ana miaka mingapi. Barnaba alisema anataka kichezeo kikubwa kuliko vyote, chenye sauti kuliko vyote. Akapewa kompyuta ya kitoto ya rangi ya waridi. Ilikuwa na vitufe arobaini. Iliimba na kusema Kiingereza cha haraka. Hakuigeuza kuitazama chini. Alisikiliza sauti tu, akaridhika.

Nyumbani aliiweka juu ya kigoda, imeelekea kwenye uzio. Ikapiga kelele mtaa mzima. Gwantwa alibonyeza, akashtuka, akaziba masikio. Baba yake alimwambia abonyeze tena.

Tulinagwe alitazama uzio, akamtazama mumewe.

"Baba Gwantwa, umemnunulia mtoto au umemnunulia Othmani?"

Barnaba alijifanya anatafuta misumari.

Siku ya tatu kompyuta ilinyamaza. Barnaba hakutaka Othmani ajue. Aliificha ndani ya mfuko wa unga, akaipeleka kwa Kefa, fundi redio wa stendi. Kefa aliigeuza, na kifuniko cha betri kikaanguka chenyewe mezani.

Kefa aliacha kutabasamu. Alimwonyesha tundu la skrubu. Skrubu yenyewe haikuwepo. Ndani palikuwa na nafasi tatu za betri ndogo za duara, kama za saa. Betri zilikuwa mbili.

"Ya tatu iko wapi?"

Barnaba alisema hajui.

"Una mtoto mdogo, nawe hujui? Sikiliza, kaka. Mtoto akimeza betri hii ikakwama kooni, inaunguza nyama ndani. Ndani ya saa mbili tu. Kama imemezwa, usimtapishe, usimpe chakula. Usingoje aumwe. Mpeleke hospitali na useme ni betri."

Barnaba aliacha kila kitu pale mezani, akakimbia. Alipita katikati ya malori bila kutazama kushoto wala kulia.

Watoto walikuwa kwenye kivuli cha ukuta, wamepanga visoda. Barnaba alipiga magoti.

"Gwantwa, fungua mdomo."

Gwantwa akafungua. Hapakuwa na kitu. Akasema kompyuta ilitoa sarafu, naye aliibadilisha kwa visoda vitano.

Barnaba alimgeukia Ikram. Shavu moja la Ikram lilikuwa limetuna kidogo.

"Mwanangu, teme hapa," alisema, akakinga kiganja.

Ikram alisita. Aliona ni fedha yake halali. Barnaba alisogeza kiganja karibu na mdomo wake. Mwishowe Ikram akatema. Betri ikaanguka kiganjani, imelowa mate.

Barnaba angeweza kunyamaza. Alimshika Ikram mkono, akampeleka kwa mama yake, akasema yote: betri, kelele, uzio, na wivu wake. Siti alimchunguza mtoto mdomo na koo. Kisha alimwambia Barnaba maneno makali, naye aliyapokea akiwa amesimama. Alipomaliza, Siti alikwenda ndani, akatoka na kibao cha Ikram, akakigeuza. Skrubu ilikuwepo, imekazwa.

Barnaba alirudi kwa Kefa na betri ya tatu. Kefa alizifunga zote kwa plasta, zisiokotwe na mtoto mwingine. Alikataa kuitengeneza kompyuta ile. Barnaba akamuuliza basi anunue nini.

Kefa alimwambia anunue kinachofaa umri wa mtoto. Kwanza akigeuze. Mahali pa betri pafungwe kwa skrubu, pasifunguke kwa kucha. Avute vitufe aone kama vinang'oka. Akiweke karibu na sikio lake mwenyewe. Kikimuumiza yeye, kitamuumiza mtoto. Kitumie lugha anayoielewa mtoto, au sauti tu, ili maneno ayaseme mtoto mwenyewe.

"Na uamue nani atakaa naye," Kefa akamaliza. "Kidude hakijui kama mtoto amekosea."

Safari hii Barnaba alikwenda dukani na Gwantwa. Walichagua kibao kidogo cha wanyama. Barnaba alikigeuza, akavuta kila kitufe hadi muuza duka akanuna. Kila jioni, kabla ya ugali, alikaa mkekani na mtoto.

"Huyu nani?"

"Mbuzi."

"Ana miguu mingapi?"

Gwantwa alihesabu. Baada ya miezi miwili alihesabu hadi ishirini, na alimsimulia bibi yake wa Ileje habari za mbuzi bila kuulizwa.

Jioni moja Othmani, aliyekuwa ametoka safari ndefu, alisimama kwenye pengo la uzio.

"Baba Gwantwa, kibao chenu mmenunua wapi? Ikram anashinda huku. Anasema chake hakina baba."

Barnaba aliitambua sauti ile. Ilikuwa sauti ya wivu. Alikuwa ameingoja kwa miaka, na sasa haikumfurahisha.

Alisogea, akapisha nafasi mkekani.

"Vua viatu, ukae," alisema. "Ikram, lete chako."