Daftari la Vitenge

Saa moja na nusu asubuhi stendi ya Kasulu haina adabu. Makonda wanagombania abiria, bodaboda wanapita karibu na vidole vya watu, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Hapo ndipo Haidari, mwanafunzi wa biashara mwaka wa tatu aliyekuwa likizoni, alipogongana na msichana aliyevaa gauni la kitenge cha njano. Madaftari yao mawili, yote ya jalada la bluu, yakaanguka.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuwa nayo dada, mpaka ulipotokea."

Msichana akasonya, ila tabasamu likamponyoka. Akaokota daftari, akamkabidhi konda wa basi la Kibondo alishushe Busunzu, akaenda zake. Haidari naye akapanda gari la Buhigwe kumsalimia mjomba wake. Njiani akataka kupitia somo lake la mkakati wa biashara. Kufungua daftari, kila ukurasa umebandikwa vipande vya vitenge vyenye namba! Ndani ya jalada paliandikwa Nasma, na namba ya simu. Mchana, akiwa kwa mjomba, akapiga.

"Haloo, Nasma? Ni yule asiye na macho. Nimebaki na daftari lako."

"Na lako liko Busunzu kwa shangazi yangu Mwanahawa! Kanipigia sasa hivi anauliza, 'Mwanangu, huu mnyororo wa thamani ni kitenge cha rangi gani, mbona hujakibandika?'"

Walicheka mpaka salio la Haidari likaisha.

Jumamosi yake alikuwa kibandani kwa Nasma, sokoni Kasulu, anakunywa chai ya tangawizi katikati ya harufu ya vitenge vipya. Nasma akamweleza kazi yake. Daftari linazungushwa kwenye familia zenye harusi, watu wanachagua sare, ndipo yeye anaagiza mzigo. Hanunui kitu kabla hakijachaguliwa.

"Nasma, sisi tunakesha kukisoma hicho! Kinaitwa modeli ya biashara."

"Mimi nakiita kuogopa hasara." Kisha akashusha sauti. "Ila daftari halianzi kwa mama wa bibi harusi. Linaanza kwa shangazi yake. Shangazi akishachagua, nyumba nzima imechagua. Hilo usimwambie mtu."

"Simwambii, laazizi."

Laazizi! Chai ilikuwa bado ya moto na wao wameshafika huko.

Haidari akarudi chuoni, simu zikawa za kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali na mawazo yako."

"Mawazo hayashibishi. Ongeza maharage."

Miezi miwili ikapita kwa raha hiyo. Kisha jioni moja Nasma akapiga, sauti imekauka.

"Kuna daftari jingine la bluu linazunguka Kibondo. La kijana anaitwa Stanislaus. Anasema somo kalipata darasani, kwako."

Haidari akaketi kitandani. Stanislaus, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameketi mstari wa nyuma siku ile Haidari alipowasilisha zoezi: eleza biashara moja halisi kwa kujaza visanduku tisa vya modeli ya biashara. Yeye alikuwa amechagua biashara ya Nasma, kwa kuona fahari tu.

"Lilikuwa zoezi, mpenzi. Sikukuomba ruhusa..."

"Kwa hiyo chai zote zile, mimi nilikuwa zoezi?"

Nasma akakata simu, na namba ya Haidari akaifungia. Usiku huo alilia, maana wateja angeweza kuwatafuta upya, lakini yeye alikuwa keshampenda Haidari.

Chuo kilipofungwa, Haidari alishuka Kasulu na mkoba begani, akaenda moja kwa moja sokoni. Nasma alikuwa anapima kitenge, hakuinua uso. Haidari akaweka mezani karatasi ya lile zoezi. Visanduku vinane vimejaa mwandiko. Cha tisa, kilichoandikwa "Mteja", kilikuwa kitupu, na juu yake wino mwekundu wa mwalimu: *Nani hasa anayeamua? Umeacha swali kuu. Rudia.*

"Kwa nini hukujaza?"

"Ulisema nisimwambie mtu."

"Na hivi vinane?"

"Hivyo nilikosa. Vilikuwa vyako, ilinipasa kuomba. Nisamehe, Nasma."

Nasma akaweka kidole juu ya kisanduku kitupu. "Ndiyo maana oda za Stanislaus zinavunjika," akasema taratibu. "Anawapelekea akina mama. Wakishachagua, shangazi anakuja anafuta." Kicheko kikamtoka bila kutaka. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Kesho njoo na maandazi."

Wiki mbili baadaye konda alileta daftari kutoka Busunzu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kipande kimoja tu, cha njano kama gauni la siku ile stendi. Chini yake, kwa mwandiko wa Haidari: *Harusi ya Haidari na* ... kisha nafasi tupu. Pembeni, alama ya dole gumba la Shangazi Mwanahawa, ile anayoweka akishachagua.

Nasma akampigia Haidari.

"Busunzu ulikwenda lini?"

"Jumanne. Si ulinifundisha daftari linaanzia kwa shangazi?"

"Na jina la bibi harusi, mbona hukujaza?"

"Hicho kisanduku hujaza mwenyewe."

Haidari akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Nimejaza," akasema Nasma. "Sasa lete wazee."