Mkono wa Hemed na Nusu ya Wakili

Asubuhi, pale mtaani Mountain View, Mwanasiti alikuwa akimtungia mumewe uzi kwenye sindano, kama kila siku. Hemed ni fundi cherehani. Alivunjika mkono, kliniki moja ikaufunga vibaya, na tangu hapo vidole vyake havishiki kitu chembamba.

Simu ikalia. Hemed akasikiliza, akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Mama Sahar, kliniki imekubali kosa. Watalipa fidia. Nitafanyiwa upasuaji."

Mwanasiti akapiga vigelegele, hata jirani yao Peres akaja mbio na mwiko mkononi. Peres ni karani wa mahakama huko mjini.

"Mnapika pilau bila mimi?"

"Utakula tu," Hemed akasema. "Lakini kwanza naenda Westlands. Wakili wangu wa kesi hii ataka nitie sahihi achukue nusu yake."

"Nusu ya nini?"

"Ya fidia. Tulipatana tangu mwanzo."

"Na upasuaji utaulipa na nini? Vifungo?"

Hesabu hiyo Hemed alishaipiga moyoni, na haikutosha. "Tuliisomea Fatiha, Peres. Siwezi kuvunja."

"Baba Sahar, mambo ya Fatiha mimi sijui. Ya korti najua. Sheria ya Kenya haimruhusu wakili kujipatia kipande cha kesi yako. Mapatano hayo hayana nguvu, hata ukitia sahihi. Wakili analipwa kazi yake, kwa viwango vya sheria. Mwambie akupe bili ya kila alichofanya. Ukiona imezidi, unaomba mahakama iikague."

"Lakini nimeapa."

"Hukuapa," Mwanasiti akadakia. "Nilikuwapo. Tulisoma Fatiha, tukaomba tuongozwe njia iliyonyooka. Sasa waonyeshwa njia, wataka kupita vichakani?"

Hemed akacheka, akatafuta viatu.

Huko Westlands alisema maneno machache. "Nusu sitoi. Haki ya kazi yako nitakulipa yote. Nipe bili."

Wakili akamtazama sana, kisha akairudisha ile karatasi ya nusu kwa nusu kwenye droo. Bili ilipokuja ilikuwa imenenepa. Hemed akaipeleka mahakamani, ikakaguliwa, ikapunguzwa. Wakili akalipwa haki yake, na iliyobaki ikatosha upasuaji.

Vidole vilipopona, asubuhi moja Mwanasiti alileta sindano yenye uzi, kwa mazoea. Hemed akauchomoa uzi wote. Akaulowesha ncha, akafumba jicho moja, akautunga mwenyewe.

"Mwite Peres," akasema. "Aje na mwiko wake."