Gari Lilihesabu Watano

Waliokuwepo jioni ile ni hawa.

Kapteni, mwenye magari. Hakuwahi kuvaa sare ya jeshi lolote. Jina hilo alipewa na wenzake wa mashindano ya magari tulipokuwa vijana, likamganda mpaka uzeeni.

Kalamu, mwandishi wa jarida la magari, aliyekuja kulinganisha Mshale wa zamani na Mshale mpya.

Bibie Waya, fundi umeme wa magari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na kompyuta yake ndani ya begi la mgongoni.

Na mimi, fundi wa viti.

Nawataja mmoja mmoja kwa sababu mwalimu wetu wa darasa la nne, enzi za mkoloni, alituchapa viganja kila tuliposema "yule" au "kile kidude" badala ya kutaja jina. Na kwa sababu baadaye kulikuwa na ubishi juu ya idadi. Sisi tulikuwa wanne. Gari lilihesabu watano.

Mshale ni gari dogo la mbio, la milango miwili, lenye alama ya mshale puani. Kapteni aliununua wa kwanza akiwa na miaka ishirini na sita, rangi ya maziwa, injini nyuma, ukinguruma kama mashine ya kusaga. Miezi miwili kabla ya jioni ile alinunua wa toleo la sasa, mwekundu. Macho yale yale ya duara, mgongo ule ule ulioinama kama wa paka anayenyemelea. Ukiyaweka bega kwa bega ungesema babu na mjukuu wake.

Mimi nilikuwa na haja moja tu kwa Kapteni, na nilikuwa nayo kwa miaka hamsini na minne. Nilitaka aseme kwa kinywa chake kwamba dada yangu aliketi ndani ya gari lake.

Dada alikuwa opereta wa simu, posta. Alikutwa asubuhi mtaroni, kwenye kona ya machimbo ya mawe, amekufa. Wiki hiyo hiyo Mshale wa Kapteni ulionekana gereji, ubavu umebonyea. Alisema amegonga ng'ombe. Mahakamani alinyoosha mkono akaapa: "Msichana huyo hajawahi kuketi ndani ya gari langu." Jumamosi iliyofuata alifunga ndoa na binti wa mwajiri wake. Faili likafungwa.

Gauni alilokutwa nalo lilikuwa na vifungo vitano. Lilipaswa kuwa na sita. Najua, kwa sababu vifungo vile nilivivalisha mahameli ya bluu mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Vilikuwa vifungo vya makochi, vile tunavyovigongea kitambaa. Dada alivipenda akasema, "Nitengenezee na mimi, nionekane kochi la tajiri." Tulimzika na vifungo vitano.

Mama hakuwa mganga. Ila majirani walivuka barabara wakimwona amenyamaza. Siku ya mazishi aliinama kaburini akanong'ona, nami nilikuwa nimemshika mkono nikasikia.

"Usilale, mwanangu. Ukimpata, kaa naye."

Miaka ikaenda. Kapteni akawa mteja wangu, nami nikampokea. Watu walinishangaa. Nilikuwa nangoja.

Mshale mpya ulipofika, hakupenda viti vyake. "Vinanuka duka la viatu," alisema. Akaniagiza nifumue ngozi ya viti vya Mshale wa zamani, niishone upya kwenye Mshale mpya, apate harufu ya ujana wake. Ule wa zamani niuvalishe ngozi mpya. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniruhusu kugusa kiti cha abiria. Nadhani alikuwa amesahau kwa nini.

Nilikifumua peke yangu. Chini ya ngozi, kati ya springi na nyuzi za makumbi, kidole changu kiligusa kitu cha duara.

Mahameli ya bluu. Nyuma yake, fundo langu.

Sikulia. Niliosha mikono. Kisha nikakishona kifungo kile kwenye kiti cha abiria cha Mshale mpya, chini ya ngozi, juu ya sponji, kwa uzi wa nta, mafundo saba. Kwenye kila fundo nilitaja jina lake lote, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina hilo sitaliandika hapa. Nimeshalitamka vya kutosha.

Jioni ile nilikwenda kupeleka kifuniko cha mto wa kichwa kilichobaki. Jua lilikuwa linazama nyuma ya gereji ya Kapteni. Yeye na Kalamu walikuwa ndiyo kwanza wamerudi na Mshale wa zamani.

"Huu unakutingisha mpaka meno," Kalamu alisema, akijipangusa jasho. "Usukani mzito, moshi ndani, breki za kuombea dua. Lakini unajua kwamba unaendesha."

"Na huu mwingine ni hoteli," Kapteni akasema, akiupiga kofi Mshale mpya. "Ukipiga chafya unakufungulia dirisha."

"Nikuulize basi. Upi bora?"

"Wewe una macho mawili. Nitoboe lipi?"

Tukacheka. Bibie Waya alikuwa amechuchumaa mlangoni, akikagua nyaya nilizozigusa wakati wa kushona. "Tofauti yake ni moja, babu," alisema. "Ule wa zamani hauulizi kitu. Hata mikanda hauna. Huu unajua nani ameketi wapi na ana uzito gani."

"Siku hizi mashahidi wamekuwa wengi," nikasema.

Kapteni alinitazama. Kisha akacheka. "Msimsikilize mzee wa sponji. Ukimpasua huyu, ndani utakuta pamba tupu."

Akaingia kwenye Mshale mpya, akabonyeza kitufe. Injini ikaamka kwa sauti ya chini, ya adabu.

Ti... ti... ti...

"Nini tena?"

"Mkanda wa abiria," Bibie Waya akajibu. "Umeweka mzigo kwenye kiti?"

Tuliinama sote tukatazama. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu, picha ndogo ya mtu aliyeketi.

Ti... ti... ti...

Bibie Waya akachomeka kompyuta yake. Alisoma. Akasoma tena.

"Mzee fundi, labda umeibana sana ngozi. Sensa ya kupima uzito iko chini yake, inadhani kuna mtu."

"Mtu gani?" Kalamu akauliza, kwa utani.

"Mtu mzima. Kilo hamsini na moja."

Kliniki ya posta iliwapima wafanyakazi wake kila Januari. Kadi ya dada ninayo mpaka leo. Ya mwisho imeandikwa kilo hamsini na moja.

Ngozi ikibanwa na fundi, mikunjo yake huvutwa kwenda pembeni. Ngozi ikikaliwa na mtu, mikunjo hukusanyika katikati. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka hamsini, siwezi kukosea.

Mikunjo ilikuwa inakusanyika katikati.

Polepole... kama mtu anayejiweka vizuri kabla ya safari.

Kalamu aliiona pia. Alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi picha zinanitosha," alisema. "Nitaandika kutokana na ule wa zamani."

"Mwanaume mzima unaogopa kengele!" Kapteni akafoka. "Nitaonyesha mwenyewe. Mpaka kona ya machimbo na kurudi."

"Babu, usiliendeshe kwanza," Bibie Waya akamsihi.

"Gari langu haliniamrishi. Fundi! Umeharibu wewe, panda wewe. Utanieleza njiani umefanya nini."

Nilikwenda upande wa abiria, nikasimama. Kisha nikazunguka. Mshale una viti viwili vidogo nyuma, vya watoto. Mimi ni mwembamba kama sindano ya magunia. Nilimwomba Kapteni ashuke kidogo, nikapita nyuma ya kiti chake nikajikunja humo, magoti kidevuni.

"Mbele kuna nafasi," Kapteni akasema.

"Hakuna," nikamjibu.

Tukaondoka. Barabara ya machimbo haina nyumba. Kengele iliendelea, nayo kila tulipoongeza mwendo ikawa kali zaidi. Ti-ti-ti-ti-ti. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini ndani kulianza kunukia. Kwanza mafuta ya nywele ya waridi, ya kopo, ambayo hayatengenezwi tena. Halafu udongo mbichi.

"Umepaka nini hii ngozi?" Kapteni aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sikupaka kitu."

Ti-ti-ti-ti-ti.

"Izime! Nakwambia izime!"

"Mfungie mkanda," nikanong'ona.

"Nimfungie nani?"

Alijaribu kucheka. Kisha, bila kutazama, akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa abiria, akauchomeka.

Klik.

Kengele ikanyamaza.

Heri ingelia. Mkanda ulikuwa haujalala kwenye kiti. Ulipita hewani, umevimba kidogo kifuani, umebonyea kidogo kiunoni. Nao ulikuwa unapanda... unashuka... unapanda... taratibu, kama wa mtu anayepumua.

Tulifika kwenye kona. Gari lilipunguza mwendo, likasimama lenyewe ukingoni, karibu na mtaro. Bibie Waya anasema magari haya yamefundishwa kusimama yakiona kitu mbele. Mbele hapakuwa na kitu.

Kapteni alishika usukani kwa mikono miwili. Mikono ya mzee wa miaka themanini.

"Mlango haukuwa umefunga vizuri," alisema. Hakuwa anaongea na mimi. "Nilikata kona kwa kasi, nikagonga ukingo. Ukafunguka. Ule wa zamani... milango yake... wewe unaijua."

"Endelea," nikasema.

"Nilirudi. Nilimbeba. Nilimweka pale."

"Alikuwa amekufa?"

Mkanda ukapanda, ukashuka.

"Alikuwa hai."

Nilidhani siku nikilisikia neno hilo nitamkaba. Nilikaa tu, magoti kidevuni.

"Alisema nini?"

"Alisema... kaa na mimi. Basi. Kaa na mimi kidogo." Alianza kulia kama mtoto, kwa kwikwi. "Nilikuwa nafunga ndoa, fundi! Jumamosi! Ningewaambia nini watu?"

"Ungewaambia aliketi ndani ya gari lako."

"Aliketi! Aliketi hapa! Umeridhika? Aliketi hapa!"

Haja yangu ya miaka hamsini na minne ikawa imetimia. Nilingoja nafuu ije. Haikuja. Kilichokuja ni sauti ya ngozi kugeuka, ile sauti ya mtu anayehama upande kumtazama aliye karibu naye.

Kapteni aliisikia. Alijibana mlangoni kwake.

"Umeshona kitu humu," alisema. "Najua umeshona. Kifumue. Nakuomba kwa jina la mama yako, kifumue."

Mkasi wangu ulikuwa kwenye mfuko wa shati. Hauondoki humo, hata nikienda kanisani.

"Sina mkasi," nikamwambia.

Tulirudi mwendo wa kutambaa. Yeye hakutazama kushoto wala kulia. Tulipofika, Kalamu alikuwa ameshaondoka. Bibie Waya alitusaidia kushuka, akatazama kiti cha abiria, akatazama mkanda uliofungwa, akatutazama sisi.

Wiki ya kwanza Kapteni aliagiza sensa itolewe. Wiki ya pili Bibie Waya akanipigia simu.

"Mzee, sensa nimeitoa, kengele bado inalia. Sasa amesema ning'oe kiti kizima. Nimeking'oa. Mahali pake pana sakafu tupu na nyaya nne zinaning'inia."

"Halafu?"

"Bado linalia, mzee. Na kompyuta inasema kilo hamsini na moja." Nikamsikia akibofya vitufe. "Inaweza kuwa waya umegusana na mwingine. Inatokea."

"Inatokea," nikakubali.

"Yeye mwenyewe halali tena chumbani. Anasema kitandani upande wa pili godoro linabonyea. Analala kwenye ule Mshale wa zamani. Anasema ule hauulizi kitu."

Kiti kililetwa kwangu na gari la mizigo. Nilikiweka mezani, nikawasha taa. Mshono wangu ulikuwa mzima, hakuna uzi uliokatika, hakuna mkono mwingine uliopita. Nilikata mwenyewe, nikainua ngozi. Mafundo yote saba yalikuwepo, yamefungwa vile vile, yameshikilia hewa.

Kifungo hakikuwepo.

Nilipapasa sponji yote. Nilifagia sakafu. Nilitikisa hata nguo zangu. Kisha nikaketi kwenye stuli yangu, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kule kulitamka jina lake mara saba mezani pale kulikuwa na haja yoyote, au kama dada alikuwa ameshampata zamani, tangu asubuhi ile ya mtaroni, akawa amekaa naye muda wote katika gari lisilojua kusema.

Asubuhi iliyofuata Bibie Waya alipiga tena simu. Kapteni alifariki usiku wa kuamkia Jumanne, katika kiti cha dereva cha Mshale wa zamani, gereji nyumbani kwake, mlango wa abiria ukiwa wazi.