Masaa Manne ya Upepo

Nilikuwa nafunga kibanda changu pale karibu na stendi, Nyeri mjini, jioni ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Mimi ni fundi wa vitu vya stima: redio, pasi, feni, simu zilizoanguka chooni. Monicah, mama anayeuza mitumba mkabala na mimi, akaja mbio na simu yake kunionyesha picha.

"Fundi Fuad, hebu ona hii. Ni AC ndogo, unaiweka maji, unaiweka kwa meza. Hii kitu inafaa kununua ama ni uwongo?"

"Ni uwongo," nikamwambia bila kuangalia.

"Si uangalie kwanza!"

Niangalie nini? Nazijua hizo. Ni feni ndogo, tangi la kujaza glasi mbili za maji, na kitambaa cha kuyanyonya yale maji. Feni inapuliza kitambaa, maji yanakauka, upepo unatoka baridi. Kule Doldol, kwa hewa yao kavu, utaifurahia. Hapa Nyeri hewa yenyewe imelowa, maji hayana pa kwenda. Utaishia na blanketi yenye unyevu. Nilimweleza yote hayo kwa sauti yangu ya ualimu, sauti ambayo siku hizi nikiisikia najichukia.

"Na ni nani huyo anasikia joto Nyeri, na baridi hii?" nikamuuliza.

"Ni mamangu. Anasema anachomeka huko ndani." Akaketi kwenye benchi langu la wateja. Akaruka. "Haiya! Fundi, ni nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna mtu."

"Ati hakuna? Guza."

Nikagusa. Ubao ulikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Na hakuna mteja aliyeketi pale tangu saa nane mchana.

Monicah alijifunga leso vizuri akaenda zake bila hata kwaheri. Mimi nikabaki nimeshika kufuli. Kulikuwa na harufu pale... harufu ya mafuta ya mkaratusi, na chini yake harufu ya mtu mwenye homa.

Nilijua ni ya nani.

Sumayya alikuwa mke wangu kwa miaka ishirini na sita. Ini ndilo lililomwondoa, Julai ya mwaka jana. Lakini kabla ya hapo alishikwa na joto ambalo madaktari walilitazama tu wakaandika kitu. Watu nje wamevaa makoti mawili, yeye ametupa shuka chini, anajipaka mafuta ya mkaratusi kifuani apate ubaridi kidogo. Mtoto wetu Mukhtar yuko Qatar kazini, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Na wakati huohuo kibandani kwangu kulikuwa na mashine kama ile ya kwenye picha ya Monicah. Mzee Wamae wa Giakanja aliileta, swichi imekufa. Nikamsimulia Sumayya kama kichekesho.

Hakucheka.

"Baba Mukhtar, niletee hiyo kitu. Hata usiku mmoja."

Hapo ndipo nilipojifanya fundi. Niliitengeneza, ndiyo. Lakini badala ya kumpelekea, niliiwasha palepale kibandani nikaweka kipima joto mbele yake nusu saa. Ikashusha digrii moja. Nikaenda nyumbani mikono mitupu, nikaketi kando ya kitanda, nikamweleza: unyevu wa hewa, digrii moja, itakuongezea kikohozi bure. Na nilikuwa sahihi, wallahi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sikukuuliza digrii," akasema. "Nimekuomba upepo."

Kesho yake alfajiri akafa. Mashine ilikuwa bado kibandani. Mzee Wamae alihamia kwa bintiye Kenol na hakurudi kuichukua. Mimi nikaifunika kwa gunia ili nisiione.

Sasa, jioni ile ya benchi, nilirudi nyumbani nikijiambia ni uchovu. Nikaswali, nikala ugali wa jana, nikalala upande wangu. Tangu afe sijawahi kulala upande wake. Nikanyoosha mkono gizani kutafuta blanketi.

Godoro lilikuwa moto.

Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nikachanganya maneno ninayoyajua tangu utotoni. Mabati yakalia tik... tik... yakidondosha ukungu. Kisha karibu na sikio langu, kwa sauti ya mtu mwenye midomo mikavu:

"Kuna joto..."

Nilitoka mbio. Nililala jikoni nimekumbatia magoti, mwanamume mzima, nikilia.

Kesho yake magharibi akaja tena. Benchi kwanza, halafu kiti cha nyumbani, halafu kitanda. Keshokutwa pia. Usiku wa nne baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio, na jikoni nilikuwa nimeshaanza kukohoa. Nikarudi chumbani. Nikalala ukingoni kabisa. Lile joto lilikuwa linanifikia mgongoni... Mungu anisamehe, nikasogea. Nikasogea tena. Nililala mpaka asubuhi, usingizi ambao sikuwa nimeuona mwaka mzima.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Nilianza kufunga kibanda mapema. Nilifurahi, nisidanganye mtu. Mke wangu alikuwa amerudi nyumbani na kitanda kilikuwa na joto. Lakini yeye hakuwa na furaha. Kila usiku ilikuwa ni neno lilelile, na kila usiku sauti ilikuwa imezidi kukauka, mpaka ikawa ni pumzi tu inayojaribu kusema. Usiku mmoja nikamsikia analia. Sumayya hakulia hata siku daktari alipotuambia basi.

Asubuhi nikaenda kwa Bi Saumu. Ndiye anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu, na ndiye aliyemwosha Sumayya. Nilimkuta uani anachagua mchele.

"Bi Saumu, siku ile ulipomwosha Mama Mukhtar, kuna kitu uliona?"

Hakuinua kichwa. "Fuad, mwanangu, unajua utaratibu. Anayeosha hasemi. Alichokiona kinazikwa pamoja na maiti."

"Anakuja nyumbani."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Akiwa moto?" akanong'ona.

Mimi sikuwa nimetaja joto. Nikaketi chini palepale kwenye saruji.

"Tulimmiminia maji yakashuka na mvuke," akasema, anaangalia mchele. "Mara ya kwanza nikadhani ni maji yaliyopashwa. Nikaagiza ya bomba, yale ya kuganda vidole. Yakashuka na mvuke pia. Wenzangu wakataka kukimbia. Nikaleta kioo, nikakiweka puani, nikangoja. Hakikupata ukungu. Nikangoja tena. Hakuna. Nikawaapisha wasiseme, tukamvisha sanda, na sanda yenyewe ikawa na joto mkononi kama nguo iliyopigwa pasi."

"Bi Saumu... kwani tulimzika...?"

"Usilitaje hilo neno!" Sauti yake ilipasuka. "Hakuwa na pumzi. Nilingoja, Fuad. Haki ya Mungu nilingoja." Akafuta uso kwa mtandio. "Labda ningekuita uje umguse. Lakini ni siri ya maiti, na watu walikuwa wamesimama nje wanasubiri kwenda kuzika."

Kisha akaniuliza kama Sumayya alikuwa ameomba kitu kabla ya kufa, nikamtajia ile mashine.

"Kampelekee," akasema.

Jioni hiyo nilitoa mashine chini ya gunia. Zile ndogo zinakubali pawabenki, betri ya kuchajia simu, hazihitaji stima ya ukutani. Nikachukua pawabenki yangu na chupa ya maji, nikaenda makaburini. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya makaburi yote, unaona vibao tu.

Juu ya lake haukuwepo.

Nyasi zake zilikuwa zimekauka, katikati ya Julai. Nikaweka kiganja kwenye udongo, nikakiondoa haraka. Nikajaza tangi, maji mengine yakamwagika. Nikaielekeza chini, nikabonyeza. Ikaanza kunguruma kwa ile sauti yake ndogo.

"Mama Mukhtar," nikasema, "nimekuletea."

Sijui nililia kwa muda gani. Sikubeba kipima joto safari hii. Nilichojua ni kwamba ukungu ulianza kusogea, kidogo kidogo, ukalifunika lile kaburi kama mengine. Nikagusa udongo. Ulikuwa baridi. Na chini, mbali sana, nikasikia mtu anashusha pumzi ndefu... haaa... ya mtu aliyetua mzigo.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi. Nikaingia kitandani, nikanyoosha mkono. Upande wake ulikuwa baridi. Baridi ya kawaida ya Nyeri, ya godoro lisilolaliwa na mtu. Nilijua nimefanya jambo jema, na nikaumia upya kama siku ya kuzika.

Nilikuwa bado macho saa nne na nusu.

Shuka likaanza kupata joto.

Nilielewa palepale, mimi ni fundi. Pawabenki ile inashika chaji masaa manne. Masaa manne ya upepo, halafu feni inazima, na yeye amebaki chini kule na joto lake mpaka jua litoke. Kwa hiyo anakuja.

Tangu hapo naenda kila jioni. Naongeza maji, nabadilisha chaji. Watu wameniona. Mtaani wanasema Fuad ni mchawi, anawasha mashine makaburini, anafuga jini la mkewe. Wateja wamepungua. Monicah hanisalimii tena, na sijui kama mamake alinunuliwa ile kitu. Ningetaka kumwambia anunue. Ningetaka kumwambia asipime chochote.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, hata Bi Saumu. Kibandani, chini ya meza, niko na betri ya pikipiki. Nimeifungia waya, nimeijaribu. Inaendesha ile feni usiku kucha mpaka jua litoke, na chaji inabaki. Kila jioni naitoa, naifuta vumbi, naitazama. Halafu nairudisha chini ya meza nachukua ile pawabenki.

Saa nne na nusu nakuwa nimeshalala, nimegeukia upande wake.

"Baba Mukhtar... kuna joto..."

"Najua, mama," namwambia. Kisha nasogea karibu.