Fungu la Ziwa

Eufrazia alishuka bondeni jua likielekea kuzama, jembe begani, kwenda kuangalia kama maji yamefika kwenye majaruba yao. Ilikuwa zamu yao ya mfereji. Mpunga ulikuwa umebeba mimba, na mpunga wenye mimba ukikosa maji hauna mjadala: unatoa makapi, nawe mwaka mzima unawatazama wenzio wakitafuna. Yeye na mumewe Gaudensi walikuwa wamelima, wamepanda na kupalilia mpaka viuno vimegoma. Shamba hilo lisipozaa, hawakuwa na pengine pa kushika.

Maji yalikuwa yamefika. Yamefika mno.

Majaruba yalikuwa yamefurika mpaka ukingo wa tuta, ilhali kiangazi kile mfereji ulikuwa unatoa maji ya kulowesha vidole tu. Eufrazia akafurahi. Kisha akaacha kufurahi, akafuata tuta hadi mwisho wa shamba, kwenye tundu.

Katika bonde lile, kila mwenye zamu huacha tundu la upana wa kiganja mwisho wa shamba lake, maji kidogo yarudi mtoni yaende ziwani. Wanaliita fungu la ziwa. Wazee waliliacha kwa sababu zao, ambazo hawakupenda kuulizwa. Mabwana maji walipokuja kufanya semina, nao wakalisifu, wakaliingiza kwenye sheria ndogo za jumuiya ya watumia maji. Ikawa mara ya kwanza kwa mizimu na serikali kukubaliana jambo.

Tundu lilikuwa limezibwa. Udongo wa mfinyanzi, na juu yake kiroba cha mchanga. Eufrazia aliijua kazi ya mumewe, maana Gaudensi hajui kufanya kitu nusunusu.

"Ziwa lenyewe limeshakufa," Gaudensi alikuwa amesema mchana wakati wanakula. "Viboko wamelaliana kwenye tope kama viazi kwenye gunia. Sasa mimi nimwagie maji kaburi?"

Eufrazia akainama kuondoa kile kiroba. Akautazama mpunga. Ulikuwa wa kijani kibichi, umenenepa shingoni, unapendeza. Akajisemea: leo tu. Kesho nitazibua. Akanyosha mgongo, akachukua jembe lake.

Hapo ndipo vyura waliponyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Ikaja harufu... tope la chini kabisa, lile ambalo halijawahi kuona jua. Na samaki waliooza. Eufrazia akageuka.

Ng'ambo ya tuta alisimama mwanamke mrefu, amejifunga kaniki kuukuu. Hakusikia akija. Miguu yake ilikuwa imepasuka nyufa za kuingiza kidole, kuanzia kwenye nyayo hadi juu ya magoti, na ndani ya zile nyufa hamkuwa na damu.

"Za jioni, mama," mgeni akanong'ona. "Naomba maji."

Maji hayanyimwi mtu. Hilo Eufrazia alilinyonya kwa mama yake. Akampa kidumu chake cha maji ya kunywa. Mgeni akakiinua. Hakukuwa na sauti ya kumeza. Kidumu kikabonyea tu, kikawa kitupu.

"Bado," akasema.

Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye jaruba. Eufrazia akarudi nyuma hatua moja. Akaona maji yakishuka kwenye mashina ya mpunga. Yakashuka... yakashuka... mpaka tope likaonekana.

"Bado."

Mgeni akainuka. Akakitazama kile kiroba cha mchanga kwa muda mrefu.

"Shamba la nani hili?"

Sasa tuelewane. Eufrazia alikuwa mwanamke aliyelelewa. Kwao mke hatamki jina la mumewe, si mbele ya wakwe, si mbele ya mgeni, na hata kwa padri analitaja kwa aibu. Hofu ilikuwa imempiga bumbuwazi, na mtu aliyepigwa bumbuwazi hujibu kama alivyozoea.

"La Baba Agape," akasema.

"La nani?"

"Baba Agape."

"Agape," mgeni akarudia. Alilitamka taratibu, akilionja. "Agape. Ahsante, mama."

Akashuka upande wa mtoni. Majani hayakutikisika.

Eufrazia alitupa jembe. Alikimbia njia yote akipiga kelele ambazo hakujua kama zinatoka. Agape alikuwa binti yake wa pekee, aliyempata baada ya kuzika wawili, na ndio kwanza ameanza shule. Alimkuta amechuchumaa kwenye mtungi, kata mkononi, anakunywa. Mtungi ulikuwa umekauka. Alikuwa anakwangua.

"Mama," mtoto akasema, "kiu."

Walimpa ndoo ya kuogea. Akaimaliza. Wakampa maji ya mifugo. Tumbo halikuvimba, na kukojoa hakukojoa. Midomo yake tu ndiyo ilikuwa inapasuka, ufa mmojammoja, bila damu.

Gaudensi aliposikia habari yote, hakubisha. Alichukua sururu, wakarudi bondeni wawili na tochi ya simu. Akabomoa tuta zima. Maji machache yaliyokuwepo yakaporomokea mtoni. Eufrazia akasimama pale ukingoni, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Gaudensi!" akapaza sauti gizani. "Gaudensi ndiye kaziba! Siyo mtoto! Mchukue Gaudensi!"

Mumewe alikuwa ubavuni pake. Hakukasirika. Akaitikia naye: "Ni mimi. Mimi Gaudensi. Nipo hapa."

Vyura wakaanza kulia. Basi. Hakuna mwingine aliyejibu.

Wakampeleka mjini Mpanda. Walifikia mtaa wa Shanwe kwa Fausta, dada yake Eufrazia, na asubuhi wakapanda bajaji kwenda hospitali. Madaktari walijitahidi jamani, tusiwasingizie. Walipima sukari, wakapima figo, wakapima na vingine vya kutamka kwa shida. Kila kipimo kilirudi kizuri. Na huko mjini Agape alikunywa simtanki la maji la Fausta karibu lote bila kupata nafuu hata kidogo. Alizidi kunyauka. Ngozi ya mikono ikaanza kupukutika vumbi la kijivu.

"Mrudishe nyumbani, mdogo wangu," Fausta akamwambia, hamwangalii usoni. "Huku mbali na kwenu ataisha."

Walirudi. Walipokaribia bonde, mtoto alifumbua macho, akaomba maji, na safari hii alipokunywa alitabasamu.

Ndipo alipokuja Manyanda. Huyu ni mfugaji, Msukuma anayenyweshea ng'ombe wake upande wa ziwa. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. "Nimetoka ziwani. Maji yamepanda. Mvua hakuna, mto umekauka, lakini maji yamepanda. Viboko wanazama mpaka masikio."

"Yamepanda lini?" Eufrazia akauliza.

"Tangu mtoto wako aumwe, mayu."

Wakatazamana. Ndani, Agape alikuwa anakunywa. Kesho yake Manyanda alirudi na mkokoteni wa ng'ombe, na juu yake pipa limejaa maji. Hakutaka hata ahsante.

Baada yake akaja Romana wa nyumba ya pili, na ndoo kichwani, kwa huruma. Kisha akina mama wa jumuiya ya kanisani, wakasali rozari na kuacha madumu. Eufrazia alilia kwa shukrani. Alisema watu wa kwetu wana utu, na kwa siku zile aliamini hivyo kwa moyo wote.

Jioni moja alishuka bondeni kutafuta jembe lake. Akapita shamba la kwanza. Tundu limezibwa. La pili, limezibwa kwa saruji. Akatembea mfereji mzima, matuta yote, akianza kukimbia. Hakuna tone lililokuwa linarudi mtoni. Majaruba ya watu yalikuwa yamefurika, mpunga umesimama wima, mzuri kuliko miaka yote. Shamba lake peke yake lilikuwa kavu.

Alimkuta Mzee Respicius, mwenyekiti wa mfereji, akisindilia udongo kwa mguu.

"Mzee wangu, nyie mnafanya nini?"

Respicius alivua kofia. Machozi yalimlengalenga kweli, siyo ya kuigiza.

"Tutafanyaje, Mama Agape? Mpunga una mimba. Na ziwa linapata. Linapata kuliko zamani."

"Linapata kwa mwanangu!"

"Ndiyo maana tunaleta maji," mzee akajibu kwa upole. "Hatujakuacha peke yako. Kila nyumba, kila zamu, ndoo yake. Tumekubaliana."

Eufrazia akamgeuzia mgongo. Angewakataza ndoo, Agape angepasuka midomo mpaka masikioni. Angemhamisha, angenyauka njiani. Na kule tutani kwao, kama kila jioni, alimsikia mumewe akiliita jina lake mwenyewe kuelekea mtoni. Sasa hata vyura hawakujisumbua kunyamaza.

Alirudi nyumbani. Agape alikuwa amelala chali kwenye mkeka, amepata usingizi mfupi, kitu cha nadra. Eufrazia akajilaza karibu yake. Akaweka sikio kwenye tumbo la mwanawe, pale alipozoea kumbusu akiwa mchanga.

Ndani kulikuwa na upepo mpana. Mawimbi madogo yaligonga matete. Na mbali, mbali sana kuliko ukubwa wa tumbo lile, kiboko alikoroma... na mwingine akamjibu.

Mtoto akafumbua macho.

"Mama," akanong'ona, "bado."

Nje kulisikika nyayo nyingi, na maji yakichezacheza kwenye ndoo. Mtu akakohoa kwa adabu mlangoni.

"Hodi, Mama Agape. Tumeleta."

Eufrazia akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Akasema karibuni, akaenda kuwafungulia.